Uvimbe wa Ini: Je, MRI Yatosha Bila Sindano?

Mtu anapopigwa altrasaundi mjini Mombasa kwa ajili ya vijiwe vya nyongo au ujauzito, kisha likaonekana doa kwenye ini ambalo hakuna aliyekuwa akilitafuta, swali linalozuka huwa zito kuliko lile lililomleta hospitalini: uvimbe huu ni saratani, au ni wa kuachwa ulivyo? Kuna madaktari wanaoshikilia kwamba picha ya MRI, yaani ya mashine ya sumaku, iliyopigwa kwa kontrasti (dawa inayodungwa mshipani ili uvimbe uonekane vizuri) yaweza kulijibu swali hilo peke yake. Wengine husema saratani haitangazwi mpaka kipande cha uvimbe kitolewe kwa sindano na kutazamwa kwenye hadubini. Nionavyo, kila upande una haki yake kwa aina fulani ya wagonjwa, na kinachowatenga wagonjwa hao hakionekani ndani ya mashine.

Upande wa kwanza unasimama juu ya jambo moja la maumbile. Ini lenye afya hupata takriban robo tatu ya damu yake kupitia mshipa wa lango, utokao matumboni, na sehemu iliyobaki kupitia ateri, ilhali saratani inayoanzia kwenye seli za ini hujilisha zaidi kwa ateri. Dawa ya gadolini ikidungwa mkononi, saratani hiyo hung'aa katika nusu dakika ya kwanza, wakati ini lenyewe bado halijapata dawa ya kutosha. Kisha ini linapong'aa, uvimbe hufifia na kuwa mweusi kulizidi, mara nyingi ukizungukwa na utando mwembamba unaong'aa. Hemanjioma, ambayo ni fungu la vishipa vya damu na ndiyo uvimbe wa kawaida kabisa kati ya ule usio na madhara, huenda kinyume: hung'aa kwa mabaka pembezoni, halafu dawa hujaa polepole kuelekea katikati na kubaki humo. Hemanjioma yenye sura hiyo haihitaji sindano, na kuidunga ni kutafuta kuvuja kwa damu bila sababu.

Panapotatiza zaidi ni kati ya aina mbili za uvimbe ambazo aghalabu huonekana kwa wanawake wenye umri wa kuzaa. Moja ni adenoma, uvimbe wa seli za ini usio saratani, inayohusishwa na vidonge vya kupanga uzazi; nyingine ni ile ambayo madaktari huiita FNH, yaani seli za ini za kawaida zilizojikusanya vibaya, mara nyingi zikiwa na kovu katikati. Zote mbili hung'aa mapema, kama saratani. Hapa ndipo kontrasti iitwayo gadoksetati imeleta faida kubwa, kwa kuwa takriban nusu yake hufyonzwa na seli za ini na kutolewa kupitia nyongo. Picha ikipigwa dakika 20 baada ya dawa kudungwa, FNH huwa imeishika dawa sawa na ini au kulipita, na adenoma nyingi huwa nyeusi. Tofauti hiyo huamua mengi, kwani FNH huachwa, na adenoma yaweza kutoka damu au kugeuka saratani, ndiyo maana ikipita sentimita 5 huzungumziwa upasuaji, na kwa mwanamume huondolewa bila kujali ukubwa. Hata hivyo, ziko adenoma chache zinazoishika dawa, na karibu saratani moja kati ya kumi nayo hufanya hivyo.

Upande wa pili una hoja ambayo wapenzi wa mashine huipita haraka. Chuo cha Radiolojia cha Marekani kilitoa mwaka 2011 utaratibu wa kusoma picha hizi unaoitwa LI-RADS, na kuurekebisha mwaka 2018. Daraja la LR-5 ndani yake humaanisha kwamba saratani ya ini karibu haina shaka na matibabu yanaweza kuanza bila sindano. Lakini utaratibu huo umewekwa kwa watu wazima wenye sirosisi (ini lililojaa makovu), wenye homa ya ini ya B iliyo sugu, au waliowahi kupata saratani hiyo. Nje ya kundi hilo, kung'aa na kufifia kulekule kwaweza kuwa adenoma, au saratani iliyosambaa kutoka kwingine. Na hemanjioma ndogo inayojaa dawa kwa mara moja nayo huonekana kama saratani katika picha za mwanzo. Picha ni ileile, ila uzito wake hubadilika kwa kutegemea ini lililoibeba.

Mwongozo wa madaktari wa ini wa Ulaya wa mwaka 2018 ni mkali zaidi: picha pekee hutosha kwa mwenye sirosisi tu, na kila ini lisilo na sirosisi linahitaji sindano. Chukua kijana wa Kilifi aliyeambukizwa homa ya ini ya B utotoni, ambaye ini lake halijaota makovu, akakutwa na uvimbe wa sentimita 3 wenye dalili zote za picha, yaani kung'aa na kufifia. Kwa kanuni ya Marekani, amekwisha kutambuliwa; kwa kanuni ya Ulaya, bado. Barani Afrika suala hili si la kitabuni, kwa sababu hapa virusi hivyo hupatikana sana utotoni na huweza kuzaa saratani kabla ya sirosisi, katika umri ambao mtu ndiye tegemeo la nyumba. Sumu ya aflatoksini kwenye mahindi, ileile iliyoua watu 125 mashariki mwa Kenya mwaka 2004, huizidisha hatari hiyo kwa mwenye virusi. Kwa kijana huyu mimi naegemea kanuni ya Marekani, hasa kipimo cha AFP katika damu, protini ambayo mara nyingi hupanda kwenye saratani ya ini, kikiwa juu sana, ingawa AFP ya kawaida haimtoi mtu hatarini.

Sindano nayo ina gharama zake: huweza kumwaga damu, mara chache huacha seli za saratani kwenye njia iliyopitia, na ikikosa shabaha katika uvimbe mdogo, jibu la "hakuna saratani" halimaanishi chochote. Faida yake ni kwamba hutaja aina hasa ya saratani, jambo ambalo picha hukisia tu.

Kuhusu gadoksetati, sioni sababu ya kuiagizia kila mgonjwa. Ni ghali kuliko kontrasti ya kawaida, huvuruga pumzi ya baadhi ya wagonjwa katika sekunde zilezile za ateri zinazotakiwa kuonyesha saratani, na kufifia kwa uvimbe husomwa katika hatua ya mshipa wa lango pekee, yaani dawa inapofika kupitia mshipa huo, kwani baadaye ini lenyewe huwa limeanza kuifyonza dawa. Kwa mwenye virusi au sirosisi, kontrasti ya kawaida mara nyingi hutosha. Gadoksetati iwekewe mwanamke mwenye ini lenye afya ambaye anasubiri kujua kama ni FNH au adenoma.

Kwa hiyo kipimo cha virusi vya B, ambacho bei yake haikaribii hata kidogo ya MRI, kingepaswa kutangulia, na jibu lake liandikwe kwenye fomu ya kuombea picha pamoja na historia ya pombe, vidonge vya uzazi na saratani nyingine yoyote. Fomu inayosema "uvimbe wa ini" tu humlazimisha msomaji wa picha kubahatisha, na mgonjwa aliyevuka Likoni akitokea Msambweni huenda akarudishwa kupigwa picha nyingine. Wale ambao hata baada ya hayo wanabaki katikati, uvimbe wao ukishukiwa bila kuthibitika, ndio wa kujadiliwa na jopo la madaktari, na kwa wengi wao sindano ndiyo hatua inayofuata.