Oili Umemwaga Lini?

Kuna watu ambao hawawezi kumwona mtu mzima ameketi juu ya pikipiki yake, amevaa kofia ngumu, amefunga koti mpaka shingoni, akisubiri kwa adabu taa za barabarani zimruhusu kupita, bila kumsogelea, kutega sikio kuelekea injini, kukunja uso na kumuuliza swali lile ambalo siku hizi limechukua nafasi ya salamu: "Mzee, oili umemwaga lini?" Aliyeniuliza leo asubuhi hakuwa hata na pikipiki. Alikuwa anakwenda kwa miguu. Alisimama, akaisikiliza injini yangu, akatikisa kichwa kwa huruma, akasema kwamba inalia, kisha akavuka barabara na kuniachia msiba.

Ningependa ieleweke mapema kwamba mimi si miongoni mwa wale wanaoiua injini kwa ubahili. Nakubali kwamba oili hubadilishwa. Nakubali kwamba pasipo oili chuma husugua chuma, joto hupanda, pistoni hukwama ndani ya silinda na mwenye pikipiki huanza kusukuma. Katika hayo hatugombani. Ninachokiomba kwa wanadamu wenzangu ni kitu kimoja kidogo, yaani tarakimu: baada ya kilomita ngapi? Swali hili, ambalo mtu angedhani linajibiwa kwa neno moja, huzaa mabishano marefu kuliko ya siasa, na mpaka leo sijakutana na watu wawili wanaokubaliana.

Kitabu cha mwongozo kinajibu, tena kwa heshima. Kinasema kwamba oili ya kwanza ya pikipiki mpya imwagwe mapema, kwa kawaida kati ya kilomita 500 na 1,000, kwa sababu vyuma vipya vinapozoeana huacha chembechembe ambazo hazifai kuendelea kuzunguka humo ndani. Baada ya hapo, kwa pikipiki ndogo zinazopozwa kwa hewa, vitabu vingi hutaja kiwango fulani kati ya kilomita 2,000 na 6,000, kulingana na injini na aina ya oili, ilhali pikipiki kubwa zenye filta kamili na oili nyingi zaidi huweza kufikishwa hata 10,000 au 12,000. Na kama pikipiki imelala tu bila kazi, oili ibadilishwe angalau mara moja kwa mwaka. Kingeishia hapo, ningelala usingizi. Lakini chini ya ukurasa huohuo, kwa maandishi madogo zaidi, kinaongeza kwamba anayeendesha kwenye vumbi, kwenye joto kali, akiwa na mizigo mizito, au kwa safari fupifupi za kusimama na kuondoka, apunguze muda huo, wakati mwingine hata kwa nusu. Sasa niambie wewe unayesoma: katika hao waliotajwa, ni nani aliyebaki nje?

Basi nikaenda gereji kutafuta ufafanuzi.

Nilimkuta fundi amelala chali kando ya injini ya mtu mwingine, kichwa kimepotelea huko, miguu yake tu ndiyo inayopokea wateja. Nikaisalimia ile miguu, nikaiuliza kwa unyenyekevu kwamba pikipiki kama yangu, yenye oili ya kawaida, hubadilishwa oili baada ya kilomita ngapi. Sauti ikatoka chini: "Kilomita ni mambo ya kwenye karatasi, bosi. Oili inaangaliwa." Akajitokeza, akajifuta mikono kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono yenyewe, akaisogelea pikipiki yangu, ambayo ilikuwa imeegemea stendi ya pembeni, na bila kuisimamisha wima akakichomoa kijiti cha kupimia oili na kukiinua juani. Tone moja likaning'inia kwenye ncha. Akalipokea kwa kidole gumba, akalisugua na cha shahada, akavitenganisha vidole kutazama kama utavutika uzi, akavinusa, akafumba macho kama mganga anayesubiri mizimu imjibu, kisha akatangaza kwa sauti iliyowafikia hata waliokuwa ng'ambo ya barabara: "Hii imekufa."

Tangazo la msiba huvuta waombolezaji. Ghafla tulikuwa wengi. Nikawaeleza, kwa upole niliokuwa bado nao wakati huo, kwamba weusi peke yake si ushahidi, kwa kuwa oili za kisasa hutiwa dawa za kusafisha ambazo kazi yake ni kuyabeba masizi ili yasigande ndani ya injini, na kwa hiyo oili iliyogeuka nyeusi huenda inafanya tu kazi iliyoajiriwa kuifanya. Fundi akanitazama kwa utulivu wa mtu aliyezoea wagonjwa wanaojitibu wenyewe. "Bosi," akasema, "umeisoma wapi hiyo?" Nikasema kwenye kitabu. Wakacheka wote, pamoja na mteja ambaye injini yake ilikuwa imetawanywa juu ya gunia.

Kijana mmoja akasema kwamba yeye humwaga kila wiki, pikipiki iwe imetoka au haikutoka, kwa sababu oili mpya ni heshima. Mzee aliyekuwa ameketi juu ya ndoo akamcheka, akasema kwamba yeye tangu anunue pikipiki yake hajawahi kumwaga hata tone, anaongeza tu inapopungua, kwa kuwa oili haizeeki. Nikajitahidi kumwambia, "Mzee wangu, oili huchoka, dawa zake huisha, petroli isiyoungua na unyevu hujichanganya nayo, asidi hujijenga, na ukiongeza mpya juu ya ile unakuwa umeipa kampani tu." Akanijibu kwa kuipiga pikipiki yake teke moja. Ikawaka. Ikatulia kwenye mngurumo laini, safi, wa kuudhi, huku ya kwangu, inayohudumiwa kwa mujibu wa maandiko, ikiwa ndiyo inayotajwa kuwa inalia. Hakuna hoja inayoweza kujibu teke la namna ile.

Mwingine akasema kwamba dalili ni gia: zikianza kuwa ngumu kuingia, oili imekwisha. Huyu, kwa haki kabisa, alikuwa amegusa jambo la kweli, kwa maana katika pikipiki nyingi oili ni moja tu kwa kila kazi. Ileile inayopoza pistoni ndiyo inayoogesha gia, na ndiyo ambamo sahani za klachi zinaelea, na meno ya gia huikatakata mpaka inapoteza uzito wake. Gari mara nyingi halina shida hiyo, kwa kuwa sanduku lake la gia lina oili yake, na injini yake inakwenda taratibu ilhali ya pikipiki ndogo inapiga mizunguko 8,000 kwa dakika bila kulalamika. Nilitaka kumpongeza, lakini aliendelea kwa kusema kwamba ndiyo maana yeye hutumia oili ya gari, ile laini, inayobaki kwa shemeji yake. Nikashika kichwa. Wajapani waliketi mwishoni mwa miaka ya 1990 wakaweka kiwango cha JASO kwa ajili ya pikipiki, hasa kwa sababu oili za magari zilikuwa zimeanza kuwa na utelezi mwingi kiasi cha kufanya klachi iteleze. Wakaandika MA kwa ajili ya klachi zinazolowa oili, na MB kwa ajili ya skuta ambazo klachi yake ni kavu. Herufi mbili tu, nyuma ya chupa. Shemeji hakuzisoma.

Wakati tunajadiliana, fundi alikuwa ameshafungua nati ya kumwagia. Sikuwa nimetoa idhini. Angalau injini ilikuwa bado ya moto, jambo ambalo ni zuri, kwa sababu oili ya moto hutoka yote na hubeba uchafu wake. Isipokuwa kwamba ilitoka kwa kasi, ikaruka ukingo wa beseni na kunikuta kwenye suruali. Tukanyamaza kwa heshima mpaka ikaisha kudondoka. Kisha akarudisha nati na ileile washa ya zamani iliyobonyea, yaani kile kipete kinachoziba mvujo, akaanza kukaza. Akakaza kwa mkono. Akakaza kwa spana. Halafu akaichukua bomba, akaivisha spana ili iwe ndefu zaidi, akaegemea.

"Fundi, inatosha."

"Bado kidogo, bosi."

"Fundi, hilo kasha la injini ni alumini!"

"Hii lazima ikae."

Jamani! Nati ile haishikilii daraja! Inazuia lita moja ya oili isidondoke, basi! Inahitaji washa mpya na kukazwa kwa kiasi, na mtu akiizidishia nguvu thredi za alumini, yaani mistari inayoishika nati, huliwa, na zikishaliwa utauona msumeno, utaona gundi, utaona kipande cha mpira wa ndani kimezungushiwa nati, na utaambiwa kwamba pikipiki yako ina tatizo la kiwandani. Kwa nini nguvu yote hii, kila mara, kwenye nati ndogo kuliko zote, na gurudumu la nyuma wameliachia likicheza?

Nilijikusanya. Akamimina oili mpya, ya uzito unaoandikwa SAE 20W-50, chupa nzima ya lita moja, ingawa nilimwonyesha maandishi yaliyochongwa kwenye injini yenyewe, pale pembeni ya kifuniko, yanayosema mililita 900. Akaniuliza hizo 100 nitazipeleka wapi. Swali hilo lilikuwa jipya kwangu, maana kwa kawaida mabaki ya chupa yana pa kwenda na mteja haulizwi. Nikamweleza kwamba oili ikizidi, vyuma vinavyozunguka huipiga mpaka ikafanya povu, shinikizo huongezeka, nayo hutafuta njia kwenye sili au hupanda hadi kwenye filta ya hewa. Akakichovya kijiti, pikipiki ikiwa bado imelala kwenye stendi ya pembeni, na akanionyesha kwamba imekaa sawasawa. Bila shaka ilikaa sawasawa. Ukiiinamisha vya kutosha, kijiti kitakupa jibu lolote unalolipenda.

Halafu ukaja usomi wake wa mwisho. Akachukua kalamu ya wino mzito na kipande cha gundi ya karatasi, akainama kwenye mita yangu, akasoma kilomita, akajumlisha 1,500, akaandika jawabu kwa tarakimu nzuri na kulibandika kwenye tangi. "Ikifika hapo, rudi." Waya wa mita ile ulikatika zamani. Mshale umelala kwenye sifuri, tarakimu hazijasogea tangu wakati ambao tangi lilikuwa bado na rangi yake, na yeye mwenyewe ndiye aliyeniambia kwamba waya huo hauna haraka. Kwa hesabu yake, oili hii itadumu kuliko mimi.

Mfanyakazi mwenzangu alinishauri ninuse. Muuza vipuri alinionyesha chupa yenye picha ya pikipiki ya mashindano. Jirani alisema niweke nzito zaidi, halafu akataka kuazima pampu.

Na tatizo, nikifikiri vizuri, ni kwamba hata mita ingekuwa nzima isingesema ukweli wote. Pikipiki ikisimama kwenye foleni huku injini inanguruma, oili inaendelea kuchoka na mita haiongezi hata hatua moja. Ndiyo maana jenereta hupimiwa oili kwa saa zilizofanya kazi; pikipiki tumezipa kilomita, tukazipeleka kwenye foleni. Upande wa pili kuna mtu anayekwenda dukani na kurudi, injini haipati hata joto la kutosha kukausha unyevu uliomo, mpaka siku anafungua kifuniko anakuta utando mweupe na anadhani amerogwa. Huyo kilomita zake ni chache kuliko za wote, na oili yake ndiyo inayowahi kuharibika. Kwa hiyo jibu sahihi ni "inategemea," na mtu akinijibu "inategemea" tena mwezi huu sitamjibu kwa maneno.

Sasa lile beseni. Fundi alinikabidhi oili chafu kwenye chupa ileile tupu, akisema kwamba nyumbani haikosi kazi. Kazi gani? Haifai kumwagwa kwenye mtaro, kwa sababu huharibu maji. Haifai kwenye mnyororo, kwa kuwa imebeba chembe za chuma ambazo zitausaga. Inatakiwa ipelekwe kwa wanaoikusanya ili isafishwe upya, na hao kila ninapowaulizia naambiwa walihama. Jirani ameitaka kwa ajili ya kupaka nguzo za banda lake. Nimemwambia aje na chupa yake mwenyewe, tena yenye kifuniko kinachofunga, kwa kuwa ile niliyopewa kifuniko chake kimepasuka, na koti langu sasa limefanana na suruali.