Redio ya mlimani lazima ilale

Juzi nilikuwa kwenye kikao hapa Dodoma, tukaonyeshwa kifaa cha kutoa tahadhari ya maporomoko ya milimani. Boksi jeupe, kioo kinawaka, data inaingia kwenye simu kila sekunde. Watu wakapiga makofi. Nikauliza betri inakaa muda gani. Nikajibiwa: "Tutaweka sola."

Nilitoka na hasira, maana Katesh ni jirani zetu. Tarehe 3 Desemba 2023 tope lilishuka kutoka Mlima Hanang likaua watu zaidi ya 80. Mvua ikishika, mawingu yanafunika mlima siku hata siku, sola haipati kitu. Kifaa kikizima wakati huo ni afadhali kisingekuwepo, kwa sababu watu wa chini wanalala wakikitegemea.

Kinachokula betri ni redio, yaani kile kipande cha ndani kinachotuma na kupokea ujumbe hewani. Chukua betri nene ya lithiamu isiyochajiwa, yenye akiba ya umeme ya miliampea-saa 19,000. Redio ikikaa wazi muda wote na kula miliampea 50, siku ya 16 kwisha habari. Sasa kifaa hichohicho kilale, kiamke sekunde chache, kipime, kitume, kilale tena. Wastani ukishuka hadi miliampea 0.15, kwa hesabu ya karatasi ni zaidi ya miaka 14. Toa baridi na betri kujimaliza yenyewe. Hata robo yake inatosha. Waswisi wanafanya hivyo kule kwao kwenye mlima Matterhorn tangu 2008, kwenye mwamba wa karibu mita 3,500, wakipima nyufa. Vifaa vyao vinaamka vyote kwa wakati mmoja, vinapokezana ujumbe kwa zamu, vinalala.

Mtu ataniambia tope halisubiri ratiba. Kweli kabisa. Ndiyo maana kipima mvua kiwe cha kijiko kinachopinduka: kila kikijaa kinapinduka na kugusa swichi, na swichi ndiyo inayoamsha kifaa. Mvua ikizidi, kinatuma papo hapo. Kukiwa kikavu, kinasinzia.

Sola iwekwe, sawa, lakini iwe nyongeza.

Halafu boksi. Mchana hewa ya ndani inapata joto na kutoka. Usiku inapoa na kuvuta unyevu wa nje kupitia kwenye mpira wa mfuniko. Kwa hiyo kabla ya kukipandisha mlimani, kilaze kwenye friza la bucha usiku, mchana kiweke juu ya bati, jua letu la Oktoba likiwaka. Wiki nzima. Kisha fungua, uangalie kama kuna matone kwenye bodi ya umeme ya ndani.