"Anakujaga" si kosa la kuchekwa

Simama Mwaloni Kirumba, soko la samaki jijini Mwanza, asubuhi dagaa wakipakiwa, hutakosa kusikia: "Huyu mama anakujaga kila Jumanne." Mtoto wake akiiandika hivyo kwenye insha, wino mwekundu unaizungushia. Anajua amekosa. Amekosa nini, haambiwi.

Na hiyo -ga ina kazi. Imetoka Kisukuma na lugha jirani zake, nayo inaonyesha mazoea. "Anakuja" yaweza kuwa yuko njiani sasa hivi. "Anakujaga" ndiyo kawaida yake. Sanifu inasema "huja". Maana ileile, ila kiambishi kimoja kinakaa mbele na kingine nyuma.

Marekani wamelivutana hilihili. Wamarekani Weusi wengi husema "he be working" kwa mtu ambaye hufanya kazi mara kwa mara, hata kama saa hii amelala. Kilihesabiwa Kiingereza kibovu, hadi wanaisimu kama William Labov walipoonyesha kwamba kina kanuni zake. Mwaka 1979 mahakama huko Michigan iliagiza bodi ya shule za Ann Arbor iwasaidie walimu kuizingatia lugha ya nyumbani ya watoto Weusi wanapowafundisha kusoma.

Wanaotetea usanifu wana hoja nzito, nami nazikubali nyingi. Mtu wa Ukerewe na wa Mtwara lazima wasomane, na mtihani wa taifa hausahihishwi Kirumba. Tena anayeandika "kula" akikusudia "kura" amempotosha msomaji, asahihishwe bila kuoneana haya.

Lakini usanifu wenyewe una kwao. Mwaka 1928, kwenye mkutano wa Mombasa, Kiunguja, lahaja ya Zanzibar, kilichaguliwa kuwa msingi, Kimvita cha Mombasa kikaachwa pamoja na tungo zake zote. Waliosema Kimvita hawakuanza kukosea siku hiyo. Na huku ziwani tumetoa neno "mwalo", pale mitumbwi inaposhusha samaki, wakati pwani wana "diko". Leo "mialo" imo kwenye nyaraka za serikali za uvuvi na hakuna anayeizungushia wino. Neno la ofisini limepokewa. Sarufi ya mama muuza dagaa bado inachekwa darasani, na hilo linaniuma.

Pembeni ya "anakujaga" pana nafasi ya kutosha kuandika: "Nyumbani ni sawa. Kwenye insha andika 'huja'."