Land Rover Iliyopungwa Pepo

Mluzi wa gari langu niliuumba mimi mwenyewe, kwa mikono yangu na kwa spana za inchi nilizoazima kwa jirani, wala hapakuwa na fundi wa kulaumiwa. Gari lenyewe ni Land Rover Series III ya mwaka 1976, ya petroli, injini ya silinda nne na ujazo wa sentimita za ujazo 2,286, ambayo marehemu baba aliniachia hapa Tanga pamoja na deni la duka la vipuri. Kwa miaka mingi kosa lake lilikuwa moja tu: asubuhi, injini ikiwa bado baridi, ilitoa sauti ya tik-tik-tik kama cherehani, na ikishapata moto sauti hiyo ilififia. Mtu yeyote aliyewahi kumiliki gari la aina hii anajua maana yake, kwamba gasketi, ule utando wa kuziba kati ya injini na manifoldi (bomba lenye matawi) ya kutolea moshi, imeanza kuvuja, na chuma kikipata joto hutanuka na kuziba sehemu ya ufa. Ningeweza kuishi nayo hadi kiyama. Lakini nilikuwa nimestaafu, na mstaafu akikosa kazi huitafuta.

Katika injini hii manifoldi zote mbili, ya kuvuta hewa na ya kutolea moshi, ziko upande mmoja, ya kuvuta ikiwa juu ya mwenzake, na zimefungwa pamoja kwa boliti ili joto la moshi liipashe petroli inayopita juu isigeuke matone. Moja huvuta na nyingine hupuliza, na bado zinaishi nyumba moja. Nilizifungua, nikakwangua gasketi ya zamani, nikapaka silikoni nyekundu kwa ukarimu mkubwa, kisha nikafanya kosa ambalo wakati ule niliona ni akili: nikaziunganisha zile manifoldi mbili juu ya meza, nikakaza boliti zake kwa nguvu zangu zote, na baada ya hapo ndipo nikaenda kuzifunga kwenye injini. Nilipowasha, tik-tik-tik ilikuwa palepale, na juu yake palikuwa na kitu kipya, mluzi mwembamba, mrefu na wa kichokozi, wa kijana aliyeegemea ukuta akiangalia wapita njia.

Jambo baya kuhusu mluzi wa namna hii ni wakati wake. Mguu unapokuwa haujakanyaga mafuta, kilango cha kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, huwa kimefungwa, kwa hiyo injini hunyonya kwa nguvu na hewa hujipenyeza kwenye ufa wowote itakaoupata; ukikanyaga mafuta, kilango hufunguka, mnyonyo hupungua na mluzi hunyamaza. Basi gari langu likiwa mwendoni lilikuwa mstaarabu, na kila liliposimama mbele ya watu liligeuka muhuni.

Katika hali hiyo, wiki ileile, tulikwenda Muheza kupeleka posa ya mpwa wangu. Mshenga alikuwa ami yangu, mzee wa kanzu na kofia ya mkono, ambaye kwa heshima yake tulimkalisha mbele, kwenye dirisha. Pale Muheza tulisimama kupisha lori, mbele ya akina mama wauza machungwa, na Land Rover ikapiga mluzi wake mrefu kuliko yote. Mama mmoja akaweka kisu chini.

"Mzee mzima na kanzu yako, huoni haya?"

"Si mimi, mwanangu," ami akajitetea. "Ni gari."

"Gari lina midomo?"

Ami hakuwa na jibu, na mimi katika kuharakisha kuondoka nilizima injini kwa bahati mbaya, kwa sababu gari linalovuta hewa ya wizi halina silensa ya kuaminika, yaani ule mzunguko wa injini mguu ukiwa haujakanyaga mafuta. Ama huzunguka kwa kasi ya ajabu, ama huzimika. Tulipokaribia nyumba ya wenyewe niliachia mafuta, na ekzosi, ambayo nayo ilikuwa ikiingiza hewa kwenye ufa wa pili, ikalipuka pa! pa! kama baruti, kuku wakatawanyika na wazee waliokuja kutulaki wakarudi ndani. Posa ilipokelewa, namshukuru Mungu, ila tuliombwa tuegeshe mbali kidogo.

Njiani kurudi ami hakusema neno hadi Pongwe, ambako alisema, "Tafuta pa kuziba."

Nilianza kutafuta. Njia ya kwanza niliyokuwa nikiijua ni kupuliza dawa ya kusafishia kabureta kuzunguka manifoldi ya kuvuta huku injini ikiwaka, kwa kuwa pale penye ufa dawa huvutwa ndani, ikaungua pamoja na petroli, na mzunguko wa injini ukabadilika. Njia hii ni nzuri kabisa, ila katika injini yangu manifoldi ya moshi, ambayo ni ya moto, iko chini tu ya mahali unapopuliza. Hilo nililikumbuka baada ya nyusi ya kulia kuondoka.

Njia ya pili ilikuwa ya moshi. Unazima injini, unajaza moshi kwenye manifoldi, unaangalia unatokea wapi. Nilitoboa kopo la maziwa ya unga, nikatia makaa, nikaunga mpira hadi mdomo wa kabureta na kuuziba kwa kitambaa chenye maji, nikawa napuliza kwa pampu ya baiskeli. Moshi ulikuwa haba. Nikaingia ndani, nikachukua udi wa mke wangu, ule unaowashwa kwa wageni wa heshima tu, nikautia wote.

Ilikuwa magharibi. Moshi ulitoka kwenye mhimili wa kilango cha kabureta, ambao umelika kwa umri. Ulitoka kwenye kifuniko cha oili, maana ringi za pistoni nazo si vijana. Na ulitoka nyuma ya manifoldi kwa wingi mno hata nisiweze kuona unaanzia wapi. Nilipoinua kichwa, nusu ya mtaa ilikuwa ukutani ikimtazama mzee mwenye nyusi moja akiifukizia udi Land Rover inayojulikana kwa kupiga miluzi.

Bibi wa nyumba ya pili, ambaye kwa mambo ya kupunga pepo hana mpinzani mtaani kwetu, alikuja polepole na mrashi mkononi. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Ni wa bara au wa bahari?"

"Bibi, ni gasketi."

"Ndivyo wanavyojiita siku hizi," akasema. "Hebu liwashe."

Niliwasha ili nimwonyeshe kwamba ni hewa tu. Mluzi ukaanza. Bibi akainama akanyunyiza marashi nyuma kabisa ya manifoldi, upande unaoelekea kwa dereva, na mluzi ukakatika kama umekatwa kwa wembe. Watu wakapiga vigelegele. Baada ya sekunde chache ukarudi. "Mkaidi," bibi akasema, akanyunyiza tena, ukakatika tena. Nikamsihi anyunyize mbele: kimya hakikupatikana. Katikati: hakikupatikana. Nyuma: ukakatika. Maji yalikuwa yanaziba ufa kwa muda kabla ya kuvutwa ndani, na yule bibi alikuwa amenionyesha mahali penyewe kwa dakika moja. Nikapachora kwa chaki, jambo ambalo watu walilielewa kwa namna yao.

Kesho yake nilimpelekea fundi wa kweli. Alipofungua na kuona ile silikoni, ambayo upande wa moshi ilikuwa imeungua ikawa unga, aliniuliza, "Mzee, hapa ulipaka jamu?" Aliposikia habari ya makaa kwenye kabureta ya petroli hakuuliza kitu, alikaa chini. Aliweka rula ya chuma juu ya nyuso za manifoldi zikiwa zimeungana kama nilivyozifunga, akamulika tochi kwa nyuma, na mwanga ukapita pale penye alama ya chaki. Nilipozikaza mezani nilizipotosha zisikae sawa. Akalegeza boliti za muungano, akaweka gasketi mpya kavu bila jamu, akakaza nati za kwenye injini kwanza, kuanzia katikati kwenda pembeni, na za muungano akazimaliza mwisho. Stadi moja, ile boliti isiyo na kichwa inayokaa kwenye injini, ilikatika, akaichomelea nati na kuitoa. Tulipasha injini moto, tukaiacha ipoe, akakaza tena.

Gari sasa limetulia. Mke wangu amelipwa udi wake, ami amekubali kupanda tena lakini viti vya nyuma. Na Jumamosi iliyopita kijana mmoja nisiyemjua aliegesha Peugeot 504 mlangoni kwangu, ikiwa inatetemeka na kupiga mluzi, akanisalimu kwa adabu, akauliza natoza kiasi gani, na kama marashi anatakiwa aje nayo mwenyewe.