Pesa ya Mto Itolewe kwa Mkupuo

Nikitoka zamu ya usiku siku ya Ijumaa huwa sirudi nyumbani moja kwa moja. Napitia kisiwani, kwenye Loki namba 15 ya mto Mississippi hapa Rock Island, Illinois, nasimama kutazama matishari yakipita. Wenzangu wananiuliza nafuata nini pale. Nafuata mtambo ambao kodi yangu inaulisha, na ninataka uendelee kulishwa, ila si kwa namna unavyolishwa sasa.

Kwa ambaye hajawahi kuiona, loki ni chumba kikubwa cha zege ndani ya mto, chenye milango upande wa juu na upande wa chini. Msafara wa matishari unaingia, milango inafungwa nyuma yake, maji yanaingizwa au kutolewa kupitia mifereji iliyopita ndani ya kuta, nao msafara unapanda au kushuka. Hakuna pampu. Maji yanafuata mteremko wake yenyewe, na yale ya upande wa juu ndiyo yanayoikandamiza milango ijifunge barabara. Hapa kwetu kimo ni kama mita 5. Kuanzia Minneapolis hadi karibu na St. Louis mto umejengwa loki 29 kama ngazi, kila moja na bwawa lake.

Wengi hudhani mabwawa haya yanazuia mafuriko. Hayazuii. Mto ukijaa, mageti huinuliwa juu kabisa maji yapite yanavyotaka. Kazi yake ni kuhakikisha kina hakipungui futi 9, yaani mita 2.7, ili tishari lisikwame kwenye mchanga mvua zikipungua.

Siku moja nilikwenda na jirani yangu, mzee mmoja wa Kindu, mji ulio kando ya mto Kongo. Jamii ya Wakongo na Warundi hapa mjini ni kubwa, na wengi tunakutana viwandani kabla ya kukutana kanisani. Mzee alitazama matishari yakiteremshwa taratibu, akanyamaza kitambo, kisha akasema: "Mwanangu, kwetu mto ukifika Ubundu ndiyo basi." Anayeijua njia hiyo anamwelewa. Kati ya Ubundu na Kisangani kuna maporomoko saba ya Boyoma, na mto unateremka kama mita 60. Loki hakuna. Mzigo unashushwa Ubundu, unapakiwa kwenye reli ya kilomita 125 iliyokamilika mwaka 1906, ukifika Kisangani unashushwa tena, unapakiwa tena. Treni ikikosekana, watu husukuma mizigo kwa baiskeli. Nilipomwambia kwamba Mississippi kutoka Minneapolis hadi St. Louis hushuka zaidi ya mara mbili ya hapo, na mzigo haushushwi hata mara moja, alitikisa kichwa tu.

Ndiyo maana siwezi kusimama na wanaosema loki hizi ziachwe zijifie.

Lakini zimechoka. Namba 15 ilianza kazi mwaka 1934, na nyingi za jirani zake ni za miaka hiyo hiyo ya 1930. Chumba kina urefu wa futi 600. Msafara wa siku hizi una matishari 15, matatu kwa upana na matano kwa urefu, na boti la kuyasukuma nyuma. Ukiupima unakaribia futi 1,200. Hauingii. Basi mabaharia wanafungua nyaya za chuma, matishari tisa yanatangulia na kuvutwa nje kwa winchi, maji ya chumba yanarudishwa kimo chake cha mwanzo, sita yaliyobaki yanaingia na boti lake, kisha vyote vinafungwa upya. Nimewahi kuwaona wakifanya hivyo mwezi Novemba, upepo unakata ngozi, nyaya zina barafu. Inachukua saa moja na nusu, mara nyingine mbili. Loki ya futi 1,200 ingemaliza kazi hiyo kwa chini ya saa moja, na mtu asingeweka vidole vyake kati ya vyuma. Kila tishari lina tani kama 1,500 za mahindi, soya au mbolea. Huo ni mzigo wa malori takriban 60.

Sasa, nani alipe? Makampuni ya matishari hulipa ushuru wa senti 29 kwa kila galoni ya mafuta tangu Aprili 2015, na fedha hizo huingia kwenye mfuko maalumu wa ujenzi wa njia za maji. Sheria ya 1986 iliweka nusu kwa nusu: mfuko nusu, hazina ya taifa nusu. Mwaka 2020 sehemu ya hazina ikapandishwa hadi asilimia 65 kwa muda, na sheria iliyotiwa saini Januari 2025 ikaifikisha 75. Uendeshaji na matengenezo ya kila siku ni juu ya mlipa kodi peke yake.

Wenye reli wanalalamika kwamba wao hujenga na kutunza njia zao wenyewe, na malalamiko yao yana uzito. Mimi naona robo tatu ni kubwa mno. Umma una sababu ya kuchangia, kwa kuwa miji yetu hapa huchota maji ya kunywa kutoka mto huu, na mvuvi mwenye kiboti chake hupita lokini bila kulipa senti. Hata hivyo anayepata faida kubwa ni mwenye mzigo, na theluthi moja isingemuua.

Hata hivyo, mgawanyo huo haunisumbui sana kama jinsi pesa yenyewe inavyotoka. Kongresi huidhinisha mradi mzima, kisha hutoa fedha mwaka kwa mwaka, vipande vipande. Tazameni loki na bwawa la Olmsted, kwenye mto Ohio. Iliidhinishwa mwaka 1988 kwa dola milioni 775. Ilifunguliwa mwaka 2018, na gharama ilikuwa imefika kama dola bilioni 3. Sitasema kisa ni mgao peke yake: waliamua kulijenga bwawa ndani ya maji yanayotembea, wakishusha vipande vya zege kwa kreni kubwa, na njia hiyo iliwagharimu. Lakini fedha zilipokuja kidogo kidogo, mitambo na watu walisubiri, na bei za vifaa hazikusubiri. Vibaya zaidi, Olmsted ilikausha mfuko, na miradi mingine kama loki za Kentucky na Chickamauga kule mto Tennessee ikadoda kwa miaka.

Na kutolipa mapema hakuokoi kitu. Septemba 2009 mlango wa loki kubwa ya Markland, mto Ohio huo huo, ulivunjika ghafla, na misafara ikajibana kwenye loki ndogo ya pembeni kwa miezi mitano. Linganisheni na kiangazi cha 2020 kwenye mto Illinois: Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi, ambacho ndicho huendesha loki hizi, kilifunga loki kadhaa kwa pamoja kwa ukarabati, Julai hadi Oktoba, na kilitangaza mapema sana. Wakulima walikuwa wameshapanga, wenye maghala walikuwa wameshapanga. Huko ndiko kutunza kitu.

Nawaheshimu pia wanaotilia shaka loki mpya. Mwaka 2000 mchumi wa Kikosi hicho, Donald Sweeney, alifichua kwamba hesabu za mizigo ya Mississippi zilikuwa zikipindishwa ili loki ndefu zionekane zina faida, na mkaguzi wa Jeshi akathibitisha kwamba takwimu zilichezewa. Mtumishi aliyehatarisha kazi yake kwa ajili ya tarakimu za kweli anastahili tusimsahau kila bajeti inapoletwa.

Mwaka 2007 Kongresi ilikubali loki saba za futi 1,200, tano Mississippi na mbili Illinois. Ilipita miaka zaidi ya 14 ndipo Januari 2022 zikatengwa dola milioni 732 kwa ajili ya ile ya kwanza, Loki namba 25, karibu na Winfield, Missouri. Nilifurahi siku ile. Bado nafurahi, ila nimeona ya Olmsted.

Wiki iliyopita nimemwandikia mbunge wetu. Nimemwomba kwamba fedha yote inayohitajika kumaliza Winfield itengwe mara moja, hata kama maana yake ni loki sita nyingine zisubiri zamu. Nimemwomba fungu la matengenezo ya loki za zamani lisiguswe ili kujazia ujenzi mpya, maana namba 15 haimo katika zile saba na itabidi iendelee na milango yake miaka mingi ijayo. Na kabla ya kuanza nyingine yoyote, hesabu ya mizigo ya loki hiyo ichapishwe, na ikaguliwe na watu ambao mshahara wao hautoki kwenye ujenzi huo.