Kuhusu ile video ya honi, nisikilizeni na mimi

Najua mmeshaiona. Mmeona soli za viatu vyangu zikielea juu ya kiti cha dereva, mmesikia honi, mmesikia na kicheko cha mwenye simu. Utetezi sina, lakini angalau mjue ilivyokuwa.

Gari ni la 1968, honi bubu tangu nilinunue. Nilishapima: umeme unafika kwenye honi, volti 12 na ushee, na nikiiunga moja kwa moja kwenye betri inalia vizuri tu. Basi ubovu uko upande wa ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bodi ya gari. Kwenye gari hili umeme unaisubiri honi muda wote. Ukibonyeza katikati ya usukani unaufungulia tu njia ya kurudi kwenye bodi, kupitia mhimili wa usukani. Mhimili huo chini umeungwa kwa kipande cha mpira, na mpira haupitishi umeme, ndiyo maana huvushwa kwa kiwaya kifupi. Changu kilikuwa kimekatika. Nikajiona profesa.

Wiki mbili zilizopita niliwaandikia hapahapa, kwa herufi kubwa: CHOMOA WAYA WA HASI KABLA HUJAGUSA KITU. Sasa betri ya gari hili iko chini ya kiti cha nyuma, na juu ya kiti cha nyuma amekaa rafiki yangu ananimulikia kwa simu. Nikaona uvivu kumnyanyua. (Kumulika, ndivyo alivyoniambia anafanya.)

Saa 5 usiku. Kichwa kiko kwenye pedali, miguu juu. Kiwaya kipya kimekaa, naikaza nati, nusu mzunguko tu imebaki.

PAAAAAAAAA.

Nikashtuka, nikagonga dashibodi kwa paji la uso. Nikadhani goti limebonyeza usukani. Nikalitoa goti. PAAAA. Nikapapasa funguo nizime, nikakuta imezimwa tangu jioni. Nikaanza kung'oa fyuzi. Ya kwanza, PAAAA. Ya pili, PAAAA. Ya tatu ikazima taa ya ndani, tukawa na honi ileile, ila gizani. Kumbe kuna aliyewahi kuvuta waya kutoka kwenye betri hadi kwenye honi bila fyuzi yoyote, Mungu anamwona. Nikarudi kwenye nati, spana namba 10 ikaniponyoka, sikuisikia hata ilikoangukia.

"Nyanyuka! Betri!" nampigia kelele rafiki. Hasikii. Na hata angesikia, alikuwa ameshalala ubavu kwa kucheka, uzito wote juu ya betri. Honi nayo ikaanza kukauka koo, ikawa inalia kama mbuzi mwenye mafua.

Ndipo nikaona tochi dirishani. Mzee wa nyumba ya pili, amevaa nguo za kulalia.

"Shikamoo!" nikapaza sauti nikiwa kichwa chini.

Hakuitikia. Akazunguka mbele taratibu, akapiga goti, akaingiza mkono chini ya bampa, akachomoa waya kwenye honi yenyewe.

Kimya.

"Marahaba," akasema, akarudi kulala.

Mnaniuliza kwa nini sikuwaza hilo. Hata mimi najiuliza.

Asubuhi nikaufungua usukani: waya wa honi umechubuka ganda, unagusa chuma cha mhimili. Muda wote chuma hicho hakikuwa na ethi, kwa hiyo ubovu mmoja ulikuwa umeuficha mwenzake, na mimi nikautibu wa kwanza nikamwachia wa pili uwanja. Nikabadilisha waya, nikaweka na fyuzi, kwisha. Mzee nimemwomba radhi, akaniuliza kama gari nauza.

Spana namba 10 haijaonekana mpaka leo.