Nassau nimeiona, sasa naiogopea Malindi ya Unguja

Jamaa zangu wa Unguja na Mombasa, kuna jambo linanikereketa tangu nirudi safari, na kila nikilisema kwenye simu naambiwa "we ushakuwa Mmarekani, kila kitu unakiona kibaya", basi naliandika lote hapa mnielewe. Kila nikifungua habari za nyumbani nasikia tunataka meli za kitalii, meli kubwa, meli nyingi. Mombasa wameshajenga jengo la abiria wa meli hizo pale Kilindini gati namba moja, na sisi Zanzibar mipango ya mizigo kuhamia Mangapwani ili bandari yetu ya Malindi, pale Mji Mkongwe, ibaki ya abiria na watalii inasemwa siku nyingi. Mie nimezipanda hizo meli. Nimeshuka nazo Nassau, mji mkuu wa Bahamas, kisiwa cha New Providence, bandari iliyopata yote tunayoyaomba sisi. Na ninavyoona, mji wa bandari ukiishi kwa kungoja meli, basi meli ndo inakuwa nyumba na mji unabaki kuwa baraza yake ya nje, watu wanakaa kidogo wanapunga upepo halafu wanarudi ndani.

Kwanza niseme kwa nini sisi wa huku tunazipanda, maana wa nyumbani wakiona picha wanadhani mtu katajirika. Mie natunza wazee, kazi ya shifti, na likizo ya kulipwa huku Marekani ni siku za kubana kwelikweli, tena yuko mwajiri hakupi hata moja na hakuna sheria ya taifa inayomlazimisha. Kuja Unguja ni tiketi ya pesa nyingi, ndege mbili tatu, huwezi kushuka mikono mitupu, na likizo yenyewe nusu inaishia kuzunguka kusalimia watu na kuhani misiba iliyokupita. Meli ya siku chache kutoka Florida wakati mwingine bei yake ni chini ya hoteli, na humo kuna kulala, kula asubuhi mpaka usiku, watoto wanachezeshwa. Ndo maana ndani unakuta Wahaiti, Wajamaika, Wakenya, wauguzi wa Kifilipino, watu wa kazi kama sisi. Simlaumu anayepanda na wanangu nitawapandisha tena wakitaka.

Ila angalieni mambo yanavyokwenda. Meli tuliyopanda wenyewe ni kampuni ya Marekani, abiria wengi Wamarekani, inatoka Florida inarudi Florida, lakini ukiitazama kwa nyuma, chini ya jina lake, imeandikwa NASSAU kwa herufi kubwa, maana imesajiliwa huko na inapepea bendera ya Bahamas. Marekani kuna sheria ya mwaka 1886 inayokataza meli ya bendera ya nje kubeba abiria kati ya bandari za Marekani, na hata ikirudi palepale ilipotoka lazima njiani iguse bandari ya nchi nyingine. Sasa Nassau iko karibu, usiku mmoja tu kutoka Miami, unalala unaamka umefika, kwa hiyo mji mzima wenye watu wake na historia yake unaguswa ili sheria itimie. Wapo abiria wanaoupenda kwa dhati, nimewaona, lakini kwenye hesabu za kampuni ndivyo ulivyo.

Bandari yao lakini wameitengeneza, haki yao niwape. Ilifunguliwa upya mwaka 2023, inachukua meli sita kwa mpigo, vyoo visafi, vibao vinaeleweka, teksi zinapanga foleni, hakuna mtu anakuvuta mkono kama papasi wetu, wale vijana wa kuwatafutia wageni hoteli na matembezi, wanavyowavuta wageni pale Malindi boti ikiingia, na mle ndani kuna fremu ndogo za wenyeji wanauza sabuni, rum keki, vikapu. Haya tuyaige na tusione haya. Nikisimama pale juu niliwaza sana, kwa nini sisi mgeni akishuka kitu cha kwanza ni vurugu na mtu kumpigia kelele masikioni wakati ustaarabu wetu haukuwa huo.

Tatizo linaanza ukitoka getini. Mwaka 2024 Bahamas ilipokea wageni zaidi ya milioni 11, na zaidi ya milioni 9 kati yao waliingia kwa bahari, wakati wananchi wenyewe hawafiki nusu milioni. Zanzibar kwa sensa ya 2022 tuko karibu milioni 1.9, na huo mwaka 2024 wageni wetu walikuwa laki saba na kitu. Mtu akisikia milioni 11 anaruka, anasema ndo maendeleo hayo. Subiri kwanza. Mgeni wetu wa ndege analala, analipia kitanda, jioni anatafuta chakula, kesho anatafuta usafiri wa Nungwi au Paje, kesho kutwa anarudi kwenye duka lile lile alilopita juzi kwa sababu kile kitambaa kimemkaa rohoni. Wa meli alishuka saa tatu asubuhi, saa kumi jioni anatakiwa awe ndani, na katikati hapo nusu ya watu niliokuja nao saa sita mchana walikuwa wanarudi melini kula, wanasema chakula si tumeshakilipia. Wanakula bufee, wanashuka tena kidogo kupiga picha, basi. Matembezi yenyewe wengi wamekata tiketi mle mle ndani ya meli, kwa hiyo na kampuni inachukua chake kabla mwenyeji hajaona senti.

Mie sikurudi kula. Nilitembea kwa mguu mpaka Arawak Cay, penye mabanda yao ya vyakula, nikala ile saladi yao ya kome mkubwa wa baharini, yule ambaye gamba lake ndani lina rangi ya waridi. Anamtoa mbele yako, anamkata vipande vidogo mbichi, anatia kitunguu, nyanya, pilipili boga na pilipili yenyewe kali, anakamulia ndimu na chungwa, anachanganya palepale kwenye ubao. Ukali wa ile pilipili na ile ndimu wallahi nilijiona niko Forodhani kwetu, kwenye vyakula vya usiku. Na niliyekaa naye benchi moja alikuwa fundi bomba wa palepale kaja kula mchana wake, tukapiga soga, akanieleza shule za watoto na bei ya vyakula ilivyo juu maana karibu kila kitu kinatoka Marekani kwa meli. Hiyo nusu saa ndo Nassau niliyoiona.

Na nyingine ni ya Straw Market, soko lao la vikapu pale Bay Street, barabara yao ya maduka karibu na bandari. Vingi vinavyoning'inia ni fulana na mikoba ya kiwandani, ukishika tu unajua haikutoka kisiwani. Lakini ndani kabisa nilimkuta mama mmoja mtu mzima anashona ukili. Nikasimama. Wanasuka utepe mrefu kwanza kwa majani ya mti wa mwituni wa jamii ya mnazi, halafu wanaushona kwa kuuzungusha, mstari juu ya mstari, vilevile bibi yangu wa Makunduchi alivyokuwa akishona mikeka yake ya ukindu. Alikuwa na kikopo cha maji pembeni, anachovya vidole, anapapasa jani likilainika, anapitisha sindano nene, anavuta uzi kwa meno. Nikamsalimia. Akaweka sindano chini, akaitikia vizuri, akaniuliza nimeamkaje, ninatoka wapi, ndo akanambia kwao mtu haanzi na bei, anaanza na habari za asubuhi, lakini wageni wa meli wanapita wanashika mkoba wanauliza kiasi gani, akitaja wanasema punguza, akifungua mdomo kujibu wameshafika meza ya tatu. Mkoba wake dola 45, kazi ya siku kadhaa, na meza ya jirani kuna wa kiwandani kwa dola 10. Mtu mwenye masaa saba tu mjini atajuaje tofauti? Sisi tunasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, huyu hata hiyo siku ya kwanza haimalizi. Nilinunua ule wa 45, ndo ninaobebea kazini.

Kuna mahali pengine pale pamenigusa zaidi. Juu kidogo ya mjini kuna ngazi zinaitwa Queen's Staircase, ngazi 65, zilichongwa na watumwa mwishoni mwa karne ya 18 ndani ya mwamba wa chokaa, kwa mikono na zana za mkono, kuelekea ngome ya Fincastle. Kuta za mwamba pande zote mbili ziko juu, unyevu unatiririka, unaona alama za kuchongwa. Na kule chini Bay Street kuna nyumba ndogo, Vendue House, palipokuwa pananadiwa watu, leo ni makumbusho yanaitwa Pompey, jina la mtumwa aliyeongoza wenzake kugoma kule Exuma mwaka 1830. Nilipoingia tulikuwa wachache mno, na nje maelfu wanapita kwenda maduka ya almasi na saa. Mie nimekulia mji wenye Mkunazini, kanisa lililojengwa juu ya soko la watumwa lililofungwa 1873, najua mahali pa aina ile panahitaji mtu atulie, asikilize mwongozaji, akae kimya kidogo. Hakutulii mtu anayeangalia saa ya meli.

Halafu nyuma ya kilima wana Ng'ambo yao, kama ile yetu iliyo upande wa pili wa Mji Mkongwe. Wanaiita Over-the-Hill, mitaa kama Grants Town na Bain Town, walipokaa Waafrika walioachiwa huru, na mbele huku baharini ndo palikuwa pa wafanyabiashara. Mpaka leo mgeni wa meli anaonyeshwa mbele. Sasa fikirieni Mji Mkongwe wetu, nyumba ngapi zimeshakuwa hoteli na maduka ya vinyago, familia zimehama zimekwenda Fuoni na Mwanakwerekwe, na tukiongeza makundi ya watu elfu tatu elfu nne wanaomwagwa asubuhi na kuzolewa jioni, nani atabaki akikaa barazani Malindi? Uzuri wa mji wetu ni kwamba bado mna watu na shughuli zao, mama anakwenda Darajani kununua samaki, watoto wanatoka chuoni na juzuu zao, wazee wanacheza bao. Mgeni anaukuta mji unaendelea na mambo yake, haukumngoja yeye.

Jambo lingine halisemwi sana. Kampuni zimeona kwa nini zigawane hata hiyo Bay Street, zina visiwa vyao humo humo Bahamas, Royal Caribbean wana CocoCay, Disney wana Castaway Cay. Meli inasimama kisiwani kwao, sheria ya 1886 imetimia, abiria ameogelea, na soda anainunua kwao tena. Sisi nasi visiwa vidogo tumeshaanza kuvikodisha kwa wawekezaji, na Mnemba tunaijua siku nyingi, mvuvi wa Matemwe anaizunguka na ngalawa lakini kisiwa ni cha wageni wa hoteli. Nani atatuhakikishia kesho meli haitoambiwa ipite Malindi ikatie nanga huko huko?

Na msinielewe kwamba nachukia wageni. Marekani nimekaa miaka sasa na kitu ninachokikosa ni hicho hicho, mtu kukukaribisha bila bili. Kijana aliyekuwa anasafisha chumba chetu melini, Mfilipino, alituita kwa majina tangu siku ya kwanza, anakunja mataulo maumbo ya wanyama watoto wanacheka, na bakshishi imeshakatwa kwenye kadi yangu kila siku hata kabla sijamshukuru. Nilipokaa naye kidogo akanionyesha picha ya mwanawe aliyemwacha mchanga, yuko kwenye mkataba wa miezi, anatuma pesa kwao kama ninavyotuma mie. Ukarimu ule ni kazi, anaifanya vizuri, Mungu amlipe. Wa nyumbani ni kitu kingine, jirani anakugongea na sahani ya futari na hajui hata unatoka nchi gani, na wakati wake ni magharibi na usiku, saa ambazo meli imeshang'oa nanga.

Kwa hiyo wakubwa wanaokaa mezani na makampuni, mie ningewaambia meli ikija ilale, usiku mmoja au miwili, abiria waione Forodhani ikiwashwa taa, wale urojo na mishkaki, wakodi teksi za watu, waende Makunduchi na Jambiani wakawaone wanaosuka wenyewe. Isiyotaka kulala ilipe ada kubwa na hiyo ada itengeneze nyumba za Mji Mkongwe, maana sehemu ya Beit al-Ajaib, lile jumba la kale la sultani, iliporomoka Desemba 2020 mchana kweupe mbele ya macho yetu. Na fremu za bandarini wapewe wanaotengeneza kwa mikono yao, wala zisipewe wenye pesa za kodi ya mwaka mzima.

Sasa mlioko Malindi, Shangani, Darajani, na nyie wa Mombasa mnaokaa karibu na Fort Jesus, hebu niambieni, siku meli imefunga gati hela inabaki kwa nani? Mtu wangu mmoja mwenye teksi hapo bandarini ananambia anasimama nje ya geti tangu alfajiri, mabasi yaliyolipiwa melini yanatoka yamejaa moja baada ya jingine, na yeye bahati ikiwa nzuri anapata wawili wa kwenda msitu wa Jozani. Nataka kusikia na kwa wengine.